Mpangilio kama Maana: Kutoka Albamu ya Abbey Road hadi Mkesha wa Kayamba Kwale

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umejadili kwa mapana vina na mizani, matumizi ya lugha, wahusika na dhamira. Suala moja limeachwa pembeni: suala la mpangilio, yaani nini kitangulie na nini kifuate pale tungo kadhaa zinapowekwa pamoja. Diwani husomwa kama ghala ambamo msomaji huingia, akachukua shairi alitakalo, akatoka. Nyimbo zinazorekodiwa Kwale, Msambweni au Diani mara nyingi hufika katika tasnifu zikiwa zimegawanywa chini ya vichwa vya mapenzi, kazi, ndoa na siasa, kana kwamba waimbaji waliziimba kwa utaratibu wa kabati la nyaraka.

Makala haya yanadai kwamba mpangilio ni sehemu ya maana, na kwamba anayeubadilisha amefanya tendo la ufasiri hata kama hakuandika neno. Hata hivyo mipangilio yote haina mwenyewe wa aina moja. Upo mpangilio wa mtunzi, upo wa mhariri, na upo wa hafla. Kila mmoja una haki zake na kila mmoja huvunjwa kwa namna yake. Kielelezo cha kwanza kinachukuliwa nje ya fasihi ya Kiswahili, kutoka muziki wa roki wa Uingereza, kwa sababu huko wasikilizaji wa kawaida wamelijadili jambo hili kwa uangalifu ambao wataalamu wa fasihi simulizi hawajaufikia bado. Kielelezo cha pili ni mashairi ya Muyaka bin Haji, na cha tatu ni ngoma za Kwale.

Mpangilio wa mtunzi: mjadala wa Abbey Road

Albamu ya Abbey Road ya kikundi cha Beatles ilitolewa Uingereza tarehe 26 Septemba 1969. Santuri ina pande mbili, na pande hizo zina tabia tofauti. Upande wa kwanza ni wa nyimbo zinazosimama kila mmoja peke yake. Wimbo wake wa mwisho, "I Want You (She's So Heavy)", huzidi kuwa mzito na kujirudia hadi unapokatwa ghafla, bila kufifia na bila kumalizika. Msikilizaji hubaki katika ukimya, ainuke, aigeuze santuri. Upande wa pili hufunguliwa na "Here Comes the Sun" wa George Harrison, kwa gitaa jepesi. Baadaye sehemu kubwa ya upande huo huwa ni mfululizo wa vipande vifupi vilivyounganishwa, mfululizo unaofikia kilele katika "The End".

Mabadiliko ya kwanza ya mpangilio huo yalitokana na chombo. Katika baadhi ya nchi, kaseti ya albamu hii ilitolewa nyimbo mbili zikiwa zimebadilishana nafasi: "Here Comes the Sun" ukafungua upande wa kwanza, na "Come Together" ukahamia mwanzo wa upande wa pili. Sababu ilikuwa ni hesabu ya utepe. Upande wa kwanza wa santuri ni mrefu kuliko wa pili, na kwa kuwa "Come Together" una dakika 4 na ushei ilhali "Here Comes the Sun" una dakika 3 na ushei, kuzibadilisha kulifanya pande zote mbili za utepe zikaribiane kwa urefu.

Haikuongezwa nota wala haikufutwa silabi. Hata hivyo albamu iligeuka. Katika santuri, jua huchomoza baada ya kiza kilichokatwa ghafla, na nuru yake hueleweka kwa sababu ya kiza hicho. Katika kaseti, jua huchomoza kabla ya usiku kuingia. Huwa ni wimbo mzuri wa kukaribisha, basi. Baada ya ule mkato, msikilizaji wa kaseti hakutani na faraja bali na sauti nzito ya "Come Together", hivyo kiza hufuatwa na kivuli. Msikilizaji wa Msambweni aliyepata kaseti ya namna hiyo na mwenzake wa London mwenye santuri wangeweza kubishana usiku kucha juu ya albamu hii, kila mmoja akiwa na haki kwa kile alichokisikia, bila kujua kwamba hawazungumzii kazi moja.

Mabadiliko ya pili yamezua mjadala mkubwa zaidi kwa sababu yanagusa nia ya watunzi. Katika mfululizo wa upande wa pili, kipande cha sekunde 23 kiitwacho "Her Majesty" awali kilikuwa katikati ya "Mean Mr. Mustard" na "Polythene Pam". Paul McCartney aliposikiliza hakupendezwa, akaagiza kiondolewe. Fundi mitambo John Kurlander alikuwa ameonywa kwamba chochote cha Beatles kisitupwe. Kwa hiyo alikiunganisha mwishoni kabisa mwa utepe, baada ya nafasi tupu. Kiliposikika hapo baada ya ukimya, kilipendeza, kikaachwa. Majalada ya awali ya albamu hayakukitaja katika orodha ya nyimbo.

Mkato huo uliacha kovu. Mlio mzito unaosikika mwanzoni mwa "Her Majesty" ni mwisho wa "Mean Mr. Mustard", na nota ambayo ingekifunga kipande haipo, kwa kuwa ilibaki chini ya mwanzo wa "Polythene Pam". Mwaka 2019, katika toleo la maadhimisho ya miaka 50, lilitolewa jaribio la tarehe 30 Julai 1969 lenye mfululizo mzima kipande kikiwa mahali pake pa awali. Mjadala uliokuwa wa kukisia ukapata ushahidi wa kusikika.

Hoja za mashabiki zinaweza kupangwa katika kambi mbili. Kambi ya kwanza hushikilia asili: kipande kilitungwa na kuunganishwa mahali fulani, na kovu lake linashuhudia mahali hapo, kwa hiyo kukirudisha ni kukitendea haki. Kambi ya pili hushikilia uamuzi wa mwisho: watunzi walisikia ajali, wakaikubali, na kukubali ni kutunga. Kambi ya pili ina hoja yenye nguvu zaidi. Kuna tofauti kati ya rasimu na kazi iliyotolewa, hata kama rasimu ina mantiki iliyo wazi. Isitoshe, jaribio la 2019 linathibitisha kwa masikio alichokihisi McCartney: mahali pa awali, kipande cha gitaa moja na sauti moja hupunguza kasi pale mfululizo unapohitaji kusonga. Mwishoni, baada ya ukimya, kinafanya kazi nyingine kabisa. "The End" ni kama dua ya kufungia utenzi. "Her Majesty" ni mtu aliyecheka mlangoni baada ya dua kuitikiwa. Taadhima ya mwisho inatikisika kidogo, na albamu inabaki ya kibinadamu.

Pindu na mkufu uliokatwa

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili ana chombo cha kulieleza kovu hilo kuliko vyombo vya uhakiki wa muziki. Katika bahari ya pindu, ambayo wengine huiita mkufu, maneno ya mwisho wa ubeti mmoja huchukuliwa kuwa mwanzo wa ubeti unaofuata. Beti hushikana kama pete. Shairi la tarbia la kawaida laweza kuhimili kuhamishwa kwa ubeti mmoja bila msomaji kushtuka, hasa ikiwa kila ubeti unajitosheleza na kituo ni kile kile. Shairi la pindu haliwezi. Ukihamisha ubeti wa tatu ukauweka wa saba, ubeti huo utaanza kwa neno ambalo halikusemwa na yeyote, na ubeti wa nne nao utakuwa unajibu ukimya.

Hivyo ndivyo "Her Majesty" ilivyo mahali pake pa sasa: ubeti wa pindu uliohamishwa, unaoanza kwa neno la jirani asiyekuwepo. Mfano huu unaonyesha pia kwamba swali la iwapo mpangilio unaweza kubadilishwa halina jibu moja kwa kazi zote. Jibu hutegemea aina ya viungo. Upande wa kwanza wa Abbey Road ni diwani. Upande wa pili ni pindu. Utenzi nao hukaa kati ya viwili hivyo: mwanzo wake wa dua na mwisho wake unaotaja jina la mtunzi au idadi ya beti hufungwa na ada, ilhali beti za katikati hufungwa na kisa au hoja. Mhakiki anayejadili muwala wa kazi yoyote hana budi kuuliza kwanza viungo vyake ni vya namna gani.

Mpangilio wa mhariri: Muyaka na njia ya Gasi

Hali ni tofauti pale mtunzi asipoacha mpangilio. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840), anayesifiwa kwa kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni, hakuacha diwani aliyoipanga kwa mkono wake. Mashairi yake yaliishi vinywani na katika kumbukumbu za wazee. Mwishoni mwa karne ya 19 yalikusanywa na mmisionari W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye maelezo yake ndiyo yaliyohifadhi mazingira ya tungo nyingi. William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940 huko Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz alitoa kitabu chake juu ya Muyaka, akayaweka mashairi katika mazingira ya kihistoria na kijamii yaliyoyazaa.

Wanafunzi mara nyingi huuliza ni toleo gani lenye "Muyaka halisi". Swali hilo linaazima haki za mpangilio wa mtunzi na kuzidai mahali ambapo hazipo. Hakuna orodha ya Muyaka ya kurejewa, kama ambavyo kuna utepe wa Julai 1969. Kinachoweza kuulizwa ni kila mpangilio unamfanya Muyaka awe nani. Yakitanguliwa na mashairi ya mvutano wa Wamazrui na Seyyid Said, Muyaka huwa ni sauti ya dola ya mji, na mashairi yake ya mapenzi na ya maisha ya nyumbani husomwa kama mapumziko ya mpiganaji. Yakitanguliwa na hayo ya mapenzi na ya nyumbani, huwa ni mtu wa mtaani aliyevutwa na zama zake kuingia katika siasa. Tungo ni zile zile. Mtu ni mwingine.

Kwa msomaji wa pwani ya kusini, jambo hili si la nadharia tupu. Utawala wa Wamazrui ulipoangushwa Mombasa mwaka 1837, walionusurika walitawanyika. Tawi moja likaenda Takaungu na jingine Gasi, kati ya Diani na Msambweni. Ni kutoka Gasi ambako Sheikh Mbaruk bin Rashid alikuja kupambana na Waingereza katika vita vya 1895 na 1896, hadi alipovuka kuingia katika himaya ya Wajerumani. Diwani inayoyaweka mashairi ya kisiasa mwishoni, karibu na mwaka wa kuanguka kwa Mombasa, huyafanya kuwa maombolezo: hadithi imekwisha. Inayoyaweka mwanzoni na kuyafuatisha historia huacha mlango wazi, na anayesoma akiwa Gasi huyaona kama dibaji ya vita ambavyo mshairi hakuishi kuviona. Uamuzi wa mhariri umegeuka kuwa uamuzi juu ya mahali historia ya watu fulani inapoishia.

Kuna mpaka mmoja ambao hata mhariri hana ruhusa ya kuuvuka. Sehemu ya tungo za Muyaka ni za majibizano, yakiwemo ya wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu. Shairi la jibu likitenganishwa na shairi lililolichokoza, kejeli yake huwa matusi na fumbo lake huwa giza. Majibizano ni pindu ya watu wawili. Mhariri ana uhuru baina ya majibizano; ndani yake hana.

Mpangilio wa hafla: ngoma za Kwale

Aina ya tatu haina mtunzi mmoja wala mhariri. Sengenya, ngoma ya Wadigo na Waduruma, huchezwa kwa ngoma, nzumari na upatu. Mwimbaji kiongozi huja na hazina ya nyimbo, lakini haji na orodha iliyofungwa. Huanzisha wimbo, hutazama uwanja, hurefusha unaoitikiwa na kuukata usioitikiwa. Akitokea mgeni wa heshima au mshindani, wimbo hugeuzwa kumwelekea. Mfuatano wa usiku mzima ni matokeo ya mazungumzo kati ya fanani na hadhira. Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), alionyesha kwamba mwimbaji wa tendi hutunga anapoimba. Ngoma za Kwale zadai hatua moja zaidi: hata pale maneno ya wimbo yanapokuwa yamezoeleka na hayabadiliki sana, mfuatano wa nyimbo hutungwa papo hapo.

Mkesha wa kayamba wa uganga unaliweka jambo hili wazi zaidi. Kila pepo huaminika kuwa na nyimbo na mdundo wake. Waimbaji hupitia nyimbo za pepo huyu na yule huku wakimwangalia mwele. Wimbo usiopata jibu huachwa. Ule unaomtikisa hurudiwa, huongezwa kasi, hushikiliwa. Mpangilio hapa ni uchunguzi: kila wimbo ni swali, na wimbo unaofuata hauwezi kujulikana kabla jibu halijapatikana. Nyimbo zilizoshindwa zina uzito sawa na iliyofaulu, kwa sababu bila kushindwa kwake ile ya mwisho isingekuwa ugunduzi.

Tazama sasa kinachotokea mkesha huo unapoingia katika mkusanyo. Nyimbo zinanukuliwa kwa uangalifu, zinatafsiriwa, kisha zinapangwa kwa dhamira. Wimbo ulioimbwa mara moja na kuachwa unakaa sambamba na ule ulioimbwa kwa muda mrefu mpaka mwele akapandwa. Swali na jibu vimewekwa katika sura mbili tofauti. Msomaji anapata maneno yote na hapati tukio. Ni kana kwamba mtu amechukua kesi ya mahakamani akayapanga maelezo ya mashahidi kwa alfabeti.

Katika hoteli za kitalii za Diani, ufupisho hutokea kwa njia nyingine. Ngoma iliyozoea kukesha hutakiwa iingie katika muda wa chakula cha jioni. Nyimbo zinazochangamsha ndizo huchaguliwa, na mfuatano hujulikana kabla wacheza ngoma hawajafika. Si haki kuwalaumu wachezaji, ambao hupata riziki yao hapo na ambao wengi wao wanaujua vizuri ule mkesha mrefu. Ila mhakiki atambue kwamba onyesho la hoteli limehama aina: kutoka mpangilio wa hafla limekwenda kwenye mpangilio wa mhariri. Anayelirekodi na kuliita sengenya bila maelezo amefanya kama aliyesikia kaseti akadhani ni santuri.

Pingamizi na jibu lake

Huenda ikasemwa kwamba uainishaji kwa dhamira ni wa lazima, kwa kuwa bila huo mtafiti hawezi kulinganisha nyimbo za Msambweni na za Kinango. Hoja hiyo ni ya kweli, na makala haya hayapendekezi uainishaji uachwe. Yanapendekeza usiwe wa kwanza. Mkusanyo wowote wa nyimbo za hafla uandamane na orodha ya mfuatano: wimbo uliimbwa wa ngapi, ulianza saa ngapi na ukachukua muda gani, nani aliuanzisha, ulirudiwa mara ngapi, na nini kilichofanya uachwe. Vimya navyo viandikwe. Dhamira zinaweza kupangwa upya wakati wowote kutokana na orodha hiyo. Kinyume chake hakiwezekani: mfuatano uliopotea haupatikani tena kutoka kwenye vichwa vya dhamira.

Huenda pia ikasemwa kwamba msikilizaji wa leo amezoea kuchanganya nyimbo apendavyo, hivyo mpangilio umekwisha nguvu. Ushahidi unaonyesha vingine. Mnamo Novemba 2021 kampuni ya Spotify, kwa ombi la mwimbaji Adele, iliacha kuufanya uchanganyaji kuwa njia ya kawaida ya kuchezea albamu. Uhuru wa kuchanganya umewafanya watunzi kuudai mpangilio wao kwa sauti kubwa zaidi. Waimbaji wa Kwale hawana kampuni ya kuiandikia. Wanaoweza kuwadaia ni wale wanaobeba vinasa sauti.

Hitimisho

Imedaiwa kwamba mpangilio huzaa maana, na kwamba hukumu juu ya upangaji upya hutegemea ni mpangilio wa nani. Wa mtunzi huheshimiwa kama alivyouacha mwisho, hata pale uamuzi wake ulipotokana na ajali. Wa mhariri hupimwa kwa sura ya mtunzi na ya historia inayojengwa, wala haudaiwi uhalisi usiokuwepo. Wa hafla haupangwi upya hata kidogo bila kuwa kitu kingine. Kazi ya mtaalamu ni kuushuhudia na kuuandika.

Mashabiki wa Abbey Road wanajua kwamba kati ya "The End" na "Her Majesty" kuna ukimya wa sekunde zipatazo 14, na wanaweza kueleza ukimya huo unafanya nini. Katika mikusanyo ya mikesha ya Kwale ni nadra msomaji kuambiwa ni wimbo gani uliofuata upi. Tofauti hiyo haitokani na ubora wa sanaa, kwani mkesha wa kayamba una muundo wa kusisimua kuliko albamu nyingi. Inatokana na mazoea ya idara za fasihi, na mazoea hayo yanaweza kurekebishwa kuanzia safari ijayo ya utafiti.